Bidii ya Kikokotoo
Wapo vijana Marekani na Ulaya wenye kompyuta mezani, lakini programu ya lugha ya asembli ya kikokotoo cha TI-83 Plus lazima waiandikie humo humo ndani ya kikokotoo. Kioo ni nukta 96 kwa 64. Prosesa ni Z80, ya tangu 1976. Unataka herufi? Bonyeza ALPHA kwanza. Basi wakaunda na asembla ya kukaa humo, igeuze maagizo yao kuwa namba. Ukisahau RET, amri ya mwisho ya kurudi, prosesa inapitiliza, inatekeleza takataka kama amri, halafu kioo kinakuarifu kwa adabu zote kwamba RAM imefutika. Kazi ya usiku kucha, buriani! Mwalimu wa hisabati akipita, anamwona kijana kainamia kikokotoo, moyo unamtulia: huyu kalkulasi ataipasua.