Kasida ya Kuzima Mota Angani

Kurusha droni kumeshasifiwa vya kutosha. Kila mpiga picha wa harusi, kuanzia Kinondoni hadi Nyali, ana lake la kusimulia kuhusu kupaa, kuelea na kuona mapaa ya mji kwa juu. Kuzima mota ndege ingali angani, bila kukusudia, kwa vidole vyako mwenyewe, huku wakwe wakitazama, hakujapata hata ubeti mmoja. Hiyo ni dhuluma, na leo naiondoa.

Kwanza nisifu utii wake. Phantom za mwanzo, zile za kampuni ya DJI ya Shenzhen zilizoingia sokoni mwaka 2013 na kumfanya kila mwenye akiba kuwa rubani, uliwasha mota kwa kuvuta vijiti vyote viwili vya rimoti hadi pembe za chini, kwa ndani. Ishara hiyohiyo ndiyo iliyozizima, na haikubagua ardhi na anga. Simu yako ukitaka kufuta picha moja iliyoungua mwanga, inakuuliza kama una uhakika. Ukituma elfu mbili kwa shangazi, lazima utaje namba ya siri. Phantom haikukudhalilisha kwa maswali. Ulisema zima, ikazima, ikaja chini na uzito wake wote.

Pili, tukio hili lina macho ya kuchagua watu. Kwenye rimoti iliyozoeleka, kijiti cha kushoto ukikivuta chini unashuka, ukikilaza kulia pua inageuka kulia. Cha kulia ukikivuta chini unarudi nyuma, ukikilaza kushoto unateleza kushoto. Sasa mchukue fundi anayetaka kushuka huku anazunguka, anarudi nyuma na kuteleza pembeni ili maharusi wabaki katikati na ukumbi wote ujifunue nyuma yao. Ndiyo picha ambayo mteja ameilipia, na vidole vya kuipata vinaelekea pembe zilezile mbili. Mvivu anayepanda wima na kushuka wima hataionja heshima hii maishani mwake. Imewekewa wasanii.

Ikishatokea, inatokea kwa ukamilifu. Ndege yenye mabawa injini ikifa bado huteleza ikitafuta uwanja. Helikopta nayo, rubani akiwa mahiri, huachia upepo uzungushe panga zake na kutua kwa adabu. Droni ya rafadha nne haina bawa, na rafadha zake ni fupi, zimekazwa kwa pembe moja isiyobadilika. Kilichokuwa kikiishikilia juu ni mota peke yake. Wahenga walituambia aliye juu mngoje chini, wakasahau kututajia muda. Kutoka mita 120, kimo cha juu ambacho sheria za Ulaya humruhusu mrushaji wa kawaida, utangoja kama sekunde 5, na hewa ikikuhurumia itakuongezea kidogo. Huo ni muda wa kutosha kabisa kuanza kutunga utetezi.

Na hapo ndipo fadhila yake kubwa. Utetezi huwa tayari kabla vipande havijaokotwa: upepo ulibadilika, kunguru waliishambulia, mnara wa simu uliingilia mawimbi, betri ilikuwa feki, kuna watu hapa wana jicho baya. (Kunguru wa Dar es Salaam wana rekodi mbaya, kwa hiyo shtaka lao husikilizwa kwa makini.) Lakini droni huandika kumbukumbu ya safari yake: kimo, nguvu iliyobaki kwenye betri, na kila kijiti kilikuwa wapi kwa kila kipande cha sekunde. Fundi akiifungua, anaona betri nzima, setilaiti zimejaa, na vijiti vyote viwili vimelala pembeni, kwa nguvu zote, kama vilivyoamriwa. Sijui mhalifu mwingine anayebeba karani wake angani.

Warusha droni za mashindano, wale wanaovaa miwani, hawahitaji hata usanii. Wao huzima kwa swichi moja, na mkanda wa rimoti uliovaliwa shingoni ukiinasa swichi hiyo, basi.

Wahandisi, kwa wivu tu, wameanza kuiua sanaa hii. Phantom 4 ya mwaka 2016 ilidai kijiti cha kushoto kiwe pembeni na wakati huohuo ubonyeze kitufe cha kurudisha ndege nyumbani, jambo ambalo vidole havifanyi kwa bahati mbaya. Baadaye droni zikatoka kiwandani zikiwa zimepangwa kukubali ishara ile angani iwapo tu kuna dharura: ndege imegonga kitu, au imepagawa na kukataa kuongozwa. Nakiri kuwa dharura ndiyo iliyokusudiwa tangu mwanzo, maana rafadha inayozunguka kuelekea uso wa mtoto haingoji mazungumzo. Lakini ona tulipofika: kijana anavuta vijiti hadi mwisho, na mashine inaendelea kuelea, kamera inarekodi, eti inamjua kuliko anavyojijua.

Wenye kupenda ya kale wasikate tamaa. Kwenye nyingi za sasa, ukichimba mipangilio ya usalama utakuta chaguo la kuruhusu mota zizimwe wakati wowote. Wauza spea wa Kariakoo wanakuombea uliguse.