Mashangazi Wawili na Nungunungu

Busia, harusi bila sare ya kitenge ni mkutano tu. Vitenge vimejaa hapa mpakani mwa Kenya na Uganda, lakini binti wa shangazi alitaka nakshi ambayo hakuna mwingine angeivaa. Mimi ndiye fundi wa kompyuta wa ukoo, nikasema nakshi tutaizalisha.

Si uchawi. Mwaka 1968 mwanabiolojia Aristid Lindenmayer alieleza ukuaji wa mimea kwa sarufi: alama moja hugeuka kuwa alama kadhaa, nazo hugeuka tena, mpaka tawi linatokea. Naye Richard Dawkins, mzaliwa wa Nairobi, mwaka 1986 alionyesha programu inayozaa michoro: unachagua mmoja, watoto wake wanatofautiana naye kidogo, unachagua tena. Unganisha hayo mawili, na kompyuta itakuwa inachezea kanuni za kuchora huku wenye macho wakiamua nani azae. Ni ufugaji wa mbuzi, ila hawa hawaingii shamba la jirani.

Wenye macho walikuwa mashangazi. Wa Busia alipenda maduara makubwa. Wa Tororo, anayeishi karibu na ule mwamba maarufu, alitumiwa picha kwa simu na kutaka majani membamba. Uzao ukaenda huku, ukarudi kule, mwishowe likazaliwa duara lililoota majani pande zote. Nyanya akalitazama, akasema, "Huyu ni nungunungu."

Katikati ya hayo, badiliko moja lilifuta kipande cha kanuni kinachopunguza ukubwa. Jani likazaa jani linalolingana nalo, hilo likazaa jingine, bila kikomo. Kompyuta ikakwama, feni ikanguruma hadi paka akahama chumba.

Baba wa bibi harusi, mwenye mfuko, akachoshwa na kura. Akaamuru mashine ichague yenyewe: nakshi inayokula wino kidogo ndiyo izae. Programu ikamtii kuliko watoto wake. Maua yakakonda, yakawa vitone, kisha ikashinda nyeupe tupu. Mzee alifurahi kweli kweli! Shangazi wa Tororo akapiga simu kuuliza kama tunaoza au tunashona sanda.

Mwishowe sare ilinunuliwa soko la Sofia, upande wa Uganda, baada ya kuvutana bei kwa shilingi za nchi zote mbili. Nungunungu alichapishwa kwenye kadi za mwaliko. Nawe ukiwa na harusi, karibu, kompyuta ipo. Ila tafadhali njoo na shangazi mmoja.