Altezza Imekata Injini: Namna ya Kupunguza Nguvu na Kuongeza Sifa

Sogea karibu, maana haya si ya kusemea kijiweni. Altezza uliyoinunua kwa hela ya pamba imekata injini, bodaboda wote wa Dutwa wameshajua, na kila mmoja ana ushauri. Wa kwanza anakwambia weka 2JZ. Wa pili anakwambia ukishaweka 2JZ, weka na turbo. Wa tatu anakwambia uza skrepa. Wasalimie wote, washukuru, kisha nifuate mimi. Nina njia ya mkato: gari lako litarudi na nguvu pungufu, litakula pesa kidogo, na litasifiwa kuliko mwanzo.

1. Kiri unachokitaka

Hukununua gari la spoti ili kubebea mbegu za alizeti. Umelinunua litazamwe. Wala si kosa, kila mtu anapenda kutazamwa. Ukikubali hilo mapema utaokoa fedha nyingi, kwa sababu kutazamwa na kukimbia ni vitu viwili vyenye bei mbili.

Sasa iangalie barabara yako. Lami ya Bariadi kwenda Lamadi inapita kwenye makazi, na penye makazi sheria inataka usizidishe kilomita 50 kwa saa. Ukizidisha, trafiki mwenye tochi anakuandikia faini. Ukiiacha lami unaingia kwenye udongo mweusi wa mbuga, ambao mvua ikinyesha unashika hadi matrekta. Altezza yako, RS200 yenye gia za mkono, ilitoka kiwandani na nguvu farasi 210. Hapa kwetu hazina pa kukimbilia. Kwenye 40 watu wanakuona vizuri, wanasoma beji, na wanapata nafasi ya kuita jina lako.

2. Injini ya zamani iage

Injini ya RS200 ni 3S-GE, silinda nne, lita mbili, na hedi yake Toyota waliibuni pamoja na Yamaha. Ni injini nzuri sana, ila inataka oili safi kwa wakati na fundi aliyewahi kuifungua. Spea zake zinasakwa.

Dalali atakuonyesha Noah zinazobeba abiria vijijini, akwambie zina 3S na kwamba ni kitu kimoja. Zile ni 3S-FE. Ukoo ni mmoja, lakini hedi ni tofauti na nguvu ni pungufu kwa mbali. Fundi mwenye subira anaweza kuitia kwenye Altezza ikakaa. Tatizo ni sauti: utafika mnadani na watu watasogea wakidhani unaita abiria.

3. Ndoto ya 2JZ iote, usiinunue

Naijua inakotoka. Supra ya 1993 hadi 2002, yenye 2JZ-GTE, turbo mbili na farasi 280 kwenye karatasi za Japani. Kijana yeyote mwenye simu ameshaiona ikiunguruma. Tena nikupe siri itakayokutia majaribuni zaidi: Toyota wenyewe waliwahi kuiweka 2JZ kwenye umbo hili hili. Waliuza Marekani Lexus IS300, ambayo ni Altezza yenye 2JZ-GE ya lita tatu isiyo na turbo, na Japani wakauza Altezza Gita AS300. Kwa hiyo inaingia, bila kukata chuma cha mbele.

Lakini kuingia ni mwanzo tu wa gharama. Itataka gia boksi yake, propela yake, difu inayostahimili, rejeta kubwa, na mafuta ya lita tatu kila unapokwenda kuchukua vocha. Ikiharibika, fundi wa jirani ataitazama kwa heshima na kukushauri upige simu Mwanza. Gari la spoti lililofunikwa turubai miezi mitatu halisifiwi na mtu.

Kuna mtego mwingine hapo hapo. Utaletewa 2JZ ya bei rahisi kuliko zote, iliyotolewa kwenye Brevis. Hiyo ni FSE, ile watu wanaiita D4. Pampu yake ya presha na nozeli zake ndizo zilizomfanya mwenye nayo aiuze. Ukisikia D4, funga pochi.

4. Chukua 1G-FE

Hii ndiyo njia ya mkato yenyewe. Ukiiacha Gita, Altezza zilitengenezwa za aina mbili. RS200 yako ilikuwa na silinda nne, na dada yake AS200 alikuwa na 1G-FE VVT-i: lita mbili zile zile, farasi 160, silinda sita zilizopangwa mstari mmoja. Utapoteza farasi 50. Utapata silinda mbili zaidi.

Shika hapo, maana sifa zako zote zitatoka hapo. Hakuna mtu kijiweni atakayekuuliza farasi. Watakuuliza silinda. Ukijibu "sita," bila kuongeza neno, mjadala umekwisha, na umesema kweli tupu. Mlio nao unabadilika: sita za mstari zinalia laini na nzito, bila kutetemesha boneti.

Na fundi anaifahamu. 1G-FE ndiyo iliyojaa kwenye Mark II GX100 na GX110, magari ambayo mafundi wa Kanda ya Ziwa wameyafungua na kuyafunga miaka yote. Plagi, gasketi, sensa na pampu ya maji ukivikosa Bariadi unavipata Mwanza siku hiyo hiyo.

5. Namna ya kununua bila kupigwa

Nunua injini pamoja na gia boksi yake, mauntini zake, waya zake zote na kontroli boksi yake. Usikubali kuuziwa injini tupu kwa ahadi kwamba gia boksi ya zamani itashika. Mdomo wa gia boksi ya 3S haukutani na 1G. Waya ziwe zimechomolewa kwenye plagi zake. Zikiwa zimekatwa kwa kisu, umenunua wiki mbili za fundi umeme. Bora zaidi ipate injini iliyotoka kwenye AS200. Ikiwa imetoka kwenye Mark II, pima sampu na mauntini kwanza, uone vinakaaje kwenye chasisi yako, ndipo ulipe.

Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando mweupe kama maziwa yaliyoganda, maji yameshaingia, ondoka. Ukikuta tope jeusi, mwenye nayo hakubadilisha oili, ondoka pia. Chomoa plagi zote sita uzipange juu ya kitambaa kwa zamu. Moja ikiwa na rangi isiyofanana na wenzake, uliza maswali kwenye silinda hiyo. Zungusha krenki kwa spana. Halafu mwambie muuzaji aiwashe ikiwa chini, juu ya tairi. Muuzaji mwaminifu ataiwasha. Mwingine ataanza kukusimulia habari za Dubai.

Kabla injini haijaingia garini, badilisha mkanda wa taimingi, pampu ya maji na sili ya nyuma ya krenki. Ikiwa nje ni kazi ya asubuhi moja. Ikishaingia, utalipia tena kushusha gia boksi kwa sababu ya sili tu.

6. Maonyesho

Beji ya RS200 iache nyuma ilipo. Gari lilizaliwa RS200 na chasisi inasema hivyo. Eksozi toa ya mwisho tu uweke yenye tumbo pana; bomba tupu kuanzia mbele linakera wazee, linaamsha watoto na linamwita trafiki. Rimu zisafishe kila jioni. Gia za mkono usiziache kwa lolote: mtu akikuona unabadilisha gia kwenye tuta, anaamini umetoka mbio.

7. Ikichemka mbele za watu

Itatokea siku moja. Simama taratibu kama uliyepanga kusimama, zima, fungua boneti, na ukae nje kivulini. Ukiulizwa, sema unaipumzisha. Usiguse kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto hata kama umati unakuhimiza. Mvuke ule unachoma uso.

Lakini maringo hayo yasikuzidi akili. Siku ya kufunga injini, fundi atataka kuitoa thamostati aitupe, akisema nchi hii ina joto. Mkatalie. Bila thamostati maji yanazunguka bila mpangilio, injini haifiki joto lake, inakula mafuta na kusagika mapema. Weka mpya. Weka kulanti, si maji ya kisima yenye chumvi yanayoziba rejeta. Feni ijaribiwe mbele ya macho yako.

8. Macho danganya, kadi usidanganye

Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na injini yako mpya ina namba nyingine. Dai risiti na nyaraka za injini siku ile ile unayolipa, gari likaguliwe, kisha nenda TRA wairekebishe kadi. Bima nao waambie. Ukiruka hatua hii, siku unayotaka kuuza mnunuzi atainama na tochi kusoma namba kwenye bloku, na bei itashuka mkiwa mmesimama hapo hapo. Mbaya zaidi, namba isiyolingana na kadi inampa polisi sababu ya kuuliza kama injini ni ya wizi, na wewe ndiye utakayelala ukijibu.

Kwa hiyo usinunue injini kwa picha ya simu. Mpakie fundi wako kwenye gari la asubuhi kupitia Lamadi, mlipie chai na nauli, mfike Mwanza mapema, na asiondoke mbele ya ile 1G mpaka aisikie ikinguruma kwa masikio yake.