Adriano Bado Anacheza Muyama

Kila mwaka ikikaribia Oktoba, vijana wa mjini huanza kulalamika kwamba gemu la mpira limechuja. Ni lile lile la mwaka jana, wanasema. Wamebadilisha jezi na picha ya kwenye kasha, wakapandisha bei. Nawasikiliza kwa heshima, huku nikitamani kuwapakia kwenye basi la Kasulu mpaka huku kwetu Muyama, nikawaonyeshe gemu ambalo kweli ni lile lile. Letu halijabadilishwa hata kasha, kwa kuwa kasha hatujawahi kuliona.

Wanazozisema ni gemu mbili zilizozeeka pamoja. FIFA ilianza 1993. Winning Eleven ya Konami ikafuata 1995, na huko mbele ikajulikana zaidi kwa jina la PES. Mashine iliyozifikisha vijijini ni PS2, iliyotoka Japani Machi 2000. Toleo la mwisho la PES kwa mashine hiyo lilitoka mwaka 2013, na kwa wenye viwanda habari yake ikaishia hapo. Kwa mwenye banda wetu ndiyo kwanza ilikuwa inaanza, maana PS2 kuukuu zilishuka bei mpaka muuza tangawizi akaweza kununua.

Banda ni la mabati, lina benchi moja, TV ya chogo na pedi mbili. Mechi ni mia mbili, anayefungwa anapisha. Pedi moja ni nzima. Hiyo ni ya mshindi. Ya pili inaitwa pedi ya mgeni, na kitufe chake cha X kimezama kiasi kwamba kutoa pasi kunataka ukucha. Mtangazaji ni Mjapani, Jon Kabira, kwa sababu nakala tuliyoletewa ilikuwa ya Japani. Hakuna anayejua anasema nini, lakini mtoto wa chekechea hapa anajua kabisa kwamba Kabira akianza kupandisha sauti, beki zako zimelala.

Na wanaosema gemu halibadiliki hawajamwona fundi wetu wa Kasulu. Huyu ukimpelekea flashi anaingiza Simba na Yanga, jezi na majina, anakurudishia jioni. Shida yake haondoi, anaongeza tu. Mayele alihamia Pyramids ya Misri mwaka 2023, kwetu bado yupo Yanga anafunga. Chama alipotoka Simba kwenda Yanga mwaka 2024, fundi alimwandika Yanga akasahau kumfuta Simba, kwa hiyo siku ya watani wa jadi Chama anamkaba Chama, na akichezewa rafu inabidi benchi lijadiliane ni yupi aliyeumia. Mchezaji mmoja tu fundi amekatazwa kumgusa: Adriano wa Inter, yule wa PES 6 ya mwaka 2006 aliyepewa nguvu ya shuti 99. Mwenyewe alishastaafu zamani. Muyama anapiga kutoka katikati ya uwanja na kipa anaokota wavuni.

Huko duniani mambo yameenda kasi. Septemba 2021 Konami waliliacha jina la PES wakatoa eFootball, bure, na nyuso za wachezaji zikatoka za ajabu hivi kwamba watu walicheka siku nzima na kampuni ikaomba radhi. Mwaka 2022 wenye FIFA nao wakashindwana na shirikisho lenyewe, na 2023 gemu likatoka likiitwa EA Sports FC. Ukitazama kwa mbali ni kama jamaa wanaobadili majina kukimbia madeni.

Mpwa wangu alipokuja likizo kutoka Dar alibeba PS4 kwenye begi, imeviringishwa kanga. Jioni tuliiwasha sebuleni, majirani wamejaa hadi mlangoni, na gemu likagoma: linataka kwanza kujisasisha kwa intaneti. Mpwa akaweka bando. Bando likaisha asilimia zikiwa hazijafika popote. Tukapanda naye mgombani kwa juu, ambako simu hushika vizuri, na kweli ikashika: ikatuletea ujumbe wa kutukaribisha Burundi. Majirani walisubiri mpaka maharage yakaiva, wakala, wakaaga. Mimi hapo ndipo nilipoona ugonjwa wa hizi gemu mpya ulipo. Umri si tatizo. Tatizo ni kwamba zinakutaka uwe peke yako na bando lako, ilhali raha ya gemu, kwa kadiri ninavyoijua, ni ya yule aliyekaa nyuma yako akikusema.

Kesho yake akaamua tucheze bila kusasisha. Hapa lazima nieleze jambo la kidole gumba. Kwenye PES, mraba ni shuti, na changu kimezoea hivyo tangu ujana. Kwenye FIFA na hii iliyoirithi, shuti ni duara. Mraba ni krosi. Nikabaki mimi na kipa, nikaukandamiza mraba kwa uchungu wote. Mpira ukapaa taratibu, ukaenda zake pembeni kumtafuta mtu ambaye hakuwepo.

“Mjomba, unampasia nani?”

Kukaba ndiko kulikoniumbua zaidi. Kwetu ukishikilia mraba, beki wa pili anakuja kusaidia. Kwao mraba ni kujitupa miguuni mwa mtu. Kila nilipoomba msaada, beki wangu alijirusha na kupeleka mwenzake hospitali. Kabla ya mapumziko nilikuwa na wachezaji tisa, na mke wangu, akipita na sinia la kisamvu, akasimama kutazama.

“Baba watoto, mbona watu wako wanapungua?”

Mpwa alicheka mpaka akajiamini. Alasiri akataka nimpeleke bandani, awafundishe mpira wa kisasa. Alipangwa na mtoto wa darasa la nne, sare ya shule bado mwilini, daftari zimekaliwa. Mtoto akaamkia vizuri, “Shikamoo kaka,” akachagua Inter. Mpwa akapewa pedi ya mgeni. Kufikia dakika ya sitini Kabira alikuwa hana sauti tena, na Adriano alikuwa na mabao manne, moja la kichwa, ambalo hata benchi liliona ni dharau. Mpwa akaanza kupata pasi mbili tatu, akapunguza moja, akakaa vizuri kwenye benchi. Skrini ikazimika. Luku imeisha.

Mwenye banda hakuinuka kwenye kiti chake. Alitoa hukumu akiendelea kumenya karanga: mabao ya Adriano yanabaki, la mgeni linarudiwa, na hiyo mia mbili ni ya kuchangia umeme.