Tumbo la Mfarishi

Mtu wa Dar es Salaam ukimwambia unashona mfarishi wa kujifunika baridi ukiwa Mpanda, mkoani Katavi, atakucheka. Kichwani mwake Katavi ni viboko, vumbi na jua la kuchomea mahindi. Hajalala mtaani kwetu Makanyagio mwezi wa saba. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na kipupwe kikiingia saa nane za usiku hakipigi hodi. Unavuta shuka, mwenzio naye anavuta, kesi inaanza.

Kwetu mfarishi ulikuwa na sababu mbili. Ya kwanza ni kiroba cha vipande vya vitenge. Mke wangu ni fundi cherehani, na fundi cherehani hatupi kitambaa hata kiwe na upana wa kidole. Ya pili, mama mkwe alipiga simu kwamba anakuja na treni kutoka Tabora. Ile reli ya tawi la Kaliua hadi huku, kilomita 210, Waingereza waliijenga kwa ajili ya kusomba madini ya risasi. Risasi yenyewe ikaisha hamu; siku hizi reli inasomba mchele na wakwe.

Sehemu ya juu haikuwa na taabu. Vipande viliungwa, rangi zikapatana, majirani wakasimama barazani kusifu. Watu wote husifu ngozi ya mfarishi, tumbo halina anayeliuliza. Mimi nasema tumbo ndilo mfarishi wenyewe. Joto halitoki kwenye kitenge, linatoka mwilini mwako, na kazi ya kilichomo ndani ni kuishika hewa itulie ili joto lisipate mlango wa kutokea. Kisichoshika hewa, au kinachohamahama, hakifai hata kama ni cha bure.

Na balaa ni kwamba karibu kila kilicholetwa kilikuwa cha bure.

Kwanza ilikuja sufi, kutoka kwa babu mmoja jirani mwenye msufi. Sufi naiheshimu. Uzi wake ni mrija mtupu uliopakwa nta na Mwenyezi Mungu, ndiyo maana hailowi. Mabaharia wa Vita Kuu ya Pili walivaa majaketi ya kuokolea maisha yaliyojazwa sufi, na Wajapani walipoiteka Java mwaka 1942, ambako ndiko sufi nyingi ilikotoka, Wamarekani ilibidi wawatume hadi watoto wa shule kuokota manyoya ya gugu moja la porini. Babu hakuyasema hayo. Alisema tu kwamba sufi inafunguliwa chumbani, madirisha yamefungwa, na asiwepo mtu wa kupiga chafya.

Mke wangu alisikia. Watoto hawakusikia. Waliyapasulia matunda ya msufi uani, hatua chache kutoka jikoni, mama yao akiwa anageuza migebuka. Upepo wa kiangazi ukapita. Sufi ikatua kwenye kamba ya nguo, kwenye nyusi za babu, na kwenye mchuzi, ambako ilielea kwa raha zake kwa sababu, kama nilivyosema, hailowi. Mgeni mmoja tuliyekuwa naye siku hiyo alichomoa uzi katikati ya meno, akautazama, akauliza kwa adabu huyu samaki amevuliwa upande gani wa Ziwa Tanganyika. Kuku mweusi wa jirani aliyekuwa akidonoa uani alirudi kwao mweupe. Mwenye kuku akamfukuza kwa ufagio, akisema hataki kesi ya kuku wa watu.

Hata ile iliyonusurika isingetufaa. Nyuzi zake ni laini mno, hazishikani. Ushone utakavyo, zitateleza hadi chini, na mtu akizilalia sana husagika zikawa unga. Tukaijaza kwenye mito, ambako ndiko kwao.

Akaja shemeji anayelima Mpimbwe na kiroba cha pamba, masalia ya shambani, akiapa hakuna kinachoizidi. Ni kweli kabisa. Pamba hushikana yenyewe kwa yenyewe, inapitisha hewa, inafulika. Lakini ya shambani siyo ile ya duka la dawa. Katika kilo 3 zilizochumwa, nyuzi ni kilo 1 hivi. Zilizobaki ni mbegu, nazo zimeng'ang'ania nyuzi kama deni la kausha damu. Kiwandani kuna mashine ya kuichambua. Kwetu kulikuwa na shemeji, na shemeji alichambua hadi mechi ya Simba na Yanga ilipoanza. Aliporudi alikuwa na falsafa mpya: mbegu zilizobaki zitajilainisha zenyewe, mtu akishazilalia.

"Basi anza wewe, kaka," mke wangu akamwambia.

Akalala sebuleni chini ya mfarishi wa kienyeji. Kila alipogeuka tulisikia kokoto. Kisha tukasikia na vingine. Mbegu ya pamba ina mafuta, ndiyo maana watu huikamua, na panya wa Makanyagio hawahitaji bwana shamba kuwaeleza hilo. Shemeji alihamia kwenye kiti, miguu juu, tochi ya simu mkononi, hadi adhana ya alfajiri. Kulipokucha, ubavu mmoja wa mfarishi ulikuwa na tundu la kuingiza sahani, na ndani ya tundu hilo imetulia pamba nyeupe, safi, isiyo na mbegu hata moja. Kazi iliyomshinda shemeji, panya waliimaliza usiku mmoja.

Sponji ya vipande ya soko la Buzogwe sina mengi ya kuisema. Ukikung'uta mara moja inakimbilia pembeni. Pembe moja inanona, kwingine unajifunika kitambaa juu ya kitambaa.

Aliyetuokoa ni mzee mmoja fundi wa magodoro. Alikuja na shazia yake, akayatazama yote yaliyotupata, akauliza: "Kwani hapa hamna blanketi kuukuu?" Ukilifikiria, blanketi lililochakaa lina kila sifa. Limefuliwa hadi likamaliza kurudi. Halihami. Sindano inapita bila kusukumwa, na halimvutii panya. Unalitandaza katikati ya vitambaa viwili, unapitisha mistari ya mshono iliyoachana kiganja kwa kiganja, basi. Tulikuwa nalo moja tu, zito, la zawadi ya harusi. Mzee alilishona humo, na kwa mara ya kwanza mfarishi ulilala vizuri kitandani, kote sawasawa, mzito wa heshima.

Treni ikaingia, mama mkwe akapokewa, akala, akaonyeshwa chumba. Aliubonyeza mfarishi kwa viganja viwili, akaukalia, akajirusharusha kidogo.

"Mwanangu umeshona kigodoro kizuri," akamwambia mke wangu huku akijinyoosha juu yake. "Hapa mgongo wangu utapona. Ila huku kwenu kuna baridi jamani. Hebu nileteeni lile blanketi nililowapa siku ya harusi, nijifunike."

Mke wangu akanitazama. Nikamwamkia mama mkwe shikamoo kwa mara nyingine, ingawa ya kwanza alishaiitikia tangu stesheni.