Mbuzi wa Thamani Kuliko Ngamia

Katika uandishi wa programu, kamusi ni muundo wa data ambamo kila ufunguo, yaani jina la taarifa, huambatanishwa na thamani yake. Hivyo mifugo inayofikishwa katika soko la Garissa nchini Kenya inaweza kuingizwa kwenye kompyuta kama orodha ya kamusi, kila mnyama na ya kwake, yenye aina, mahali alikotoka na bei. Kuipanga orodha hiyo kwa bei hudhaniwa kuwa kazi ya kumalizika kabla chai haijapoa, na dhana hiyo imewaponza wengi.

Lugha ya Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995, hudai kila thamani ijulikane ni ya aina gani, iwe namba kamili, maandishi au nyingineyo, na kompaila, ambayo ni programu ya kukagua na kufasiri maagizo, haina ajizi wala huruma katika kulisimamia dai hilo. Mwandishi mvivu, akiona kwamba kamusi moja imechanganya maneno na namba, huzitangaza thamani zote kuwa za aina ya Objekti, inayokubali kila kitu, na kwa kufanya hivyo huificha bei kama wanavyoificha madalali wa Kisomali wanaopatana kwa vidole chini ya kitambaa, ila madalali wale huelewana. Kompaila haielewi chochote, hukataa kulinganisha vitu viwili isivyovijua, na mwandishi aliyeudhika huamua kuandika kila bei kama maandishi matupu, uamuzi ambao kompaila huupokea bila kinyongo.

Balaa huanzia hapo, kwa sababu maandishi hulinganishwa herufi kwa herufi kutoka kushoto, na kwa kuwa 9 ni kubwa kuliko 1, mbuzi wa shilingi 9,500 hukaa juu ya ngamia wa shilingi 120,000 bila mashine kuona haya, ingawa katika Garissa yote, kuanzia Balambala hadi Ijara, hapatikani mtoto wa mfugaji ambaye angekubali mabadilishano ya namna hiyo. Dawa ni kuirudishia bei aina yake ya namba, kisha kuandika kilinganishi, yaani kipande cha programu kinachopokea kamusi mbili na kusema ipi itangulie. Na ikiwa karani mmoja aliandika “elfu tisa hivi” badala ya tarakimu, ubadilishaji huo hushindikana na programu huanguka, jambo ambalo ni la haki kabisa.

Palipo na dhuluma ni kwenye namba za kaunti, zinazoweza kutumiwa kuonyesha mahali mnyama alikotoka, ambapo Garissa ni 007, Wajir 008 na Mandera 009. Java ilirithi kutoka lugha ya C desturi ya kuihesabu namba inayoanza na sifuri kuwa ya mfumo wa nane, usiokuwa na tarakimu zaidi ya 7, na kwa hiyo Garissa hupita salama ilhali Wajir na Mandera hurudishwa mlangoni. Kwa miaka mingi kompaila ilieleza kosa hilo kwa kudai kwamba namba ni kubwa mno, shutuma ambayo Wajir, kwa upana wa ardhi yake, ingeweza kuichukua kama sifa.

Namba hizo zikihifadhiwa kama maandishi hujipanga vizuri, kwa kuwa zote zina tarakimu tatu, mpaka mtu azipitishe kwenye lahajedwali, yaani programu ya majedwali ya hesabu, ambayo kwa unadhifu wake huzifuta sifuri za mwanzo. Zikirejeshwa kwenye programu zikiwa bado maandishi, na mpangilio ukitakiwa kuanzia juu kushuka chini, Mandera huongoza taifa zima, ikifuatwa na Wajir, Garissa, Taita Taveta na Lamu, na ndipo Nairobi, yenye 47, huruhusiwa kuingia.