Mama, Miguu!

Fomu ya mkopo ya sacco yetu ina mstari mmoja mfupi wa kueleza sababu. Nikaandika "karo ya shule". Karani anawajua wanangu wote, na anajua kwamba kitinda mimba alishamaliza chuo na ana kazi yake. Alinitazama juu ya miwani, akashusha pumzi, akagonga muhuri. Sikusema uongo. Ilikuwa karo, na ilikuwa ya shule. Shule yenyewe ipo Uwanja wa Ndege wa Wilson, Nairobi, na mwanafunzi ni mimi.

Mimi ni mtoto wa Mombasa, nimelelewa na mama na mashangazi walioamini kwamba mtu mwenye adabu hawezi kushindwa na jambo. Anasalimia watu mpaka salamu ziishe, hatoki nyumbani bila kubeba chakula, na mdogo kwake humwamkia. Ndege ndogo haina nafasi ya hata moja katika hayo.

Kwanza kuna daktari. Anayetafuta leseni ya rubani binafsi hupimwa afya ya daraja la pili, kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Nikapimwa macho, masikio na mkojo, na kwa kuwa arobaini nimeipita, moyo pia. Nikaonyeshwa kile kitabu cha vidoa vya rangi vyenye namba zilizojificha ndani yake. Nikazisoma zote bila kukwama, nikaanza kujiona rubani kamili, hadi tulipofika kwenye mizani. Kilo 94. Daktari hakusema kitu. Alipigia ile namba mstari tu.

Maana ya mstari huo nilifunuliwa na mwalimu wangu, kijana mwembamba ambaye ningeweza kumzaa na bado nikabaki na muda wa kumzaa kaka yake. Cessna 152, ndege ya viti viwili tunayojifunzia, haitakiwi kuzidi kilo 757, kila kitu kikiwa ndani. Yenyewe tupu ina kilo 500 na ushei. Ukijaza matangi umeongeza kama kilo 70. Zinazobaki ni takriban kilo 170 za watu wawili na mikoba yao. Hesabu hiyo hufanywa kwa kalamu kabla ya kila safari, kwa sauti, mbele ya wanafunzi wengine wenye umri wa miaka 19 na hawajawahi kula biriani ya Ijumaa ikawakaa. Mwalimu akaandika kilo zake, akaandika zangu, kisha akanyoosha kidole kwenye mkoba.

"Humo mna nini, Mama?"

Mlikuwa na chupa ya chai, mahamri, mbaazi za nazi kwenye bakuli, na sahani mbili, kwa sababu sikulelewa kula peke yangu. Akauweka mkoba mzima kwenye mizani. Kilo tano. Mahamri yalibaki kwenye banda la ndege siku ile, na tuliporudi, vijana wa miaka 19 walikuwa wameyapunguza uzito mpaka sufuri.

Nilidhani ananionea, mpaka aliponieleza habari ya hewa. Nyumbani kwetu Mombasa ni hatua chache tu kutoka usawa wa bahari. Wilson ipo futi zaidi ya 5,500. Injini ile ina nguvu za farasi 110, na hupoteza karibu asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila futi 1,000, kwa hiyo tukiwa tumesimama tu, hatujaruka, moja ya sita imeshakwenda. Jua likipanda na joto likafika nyuzi 27, hewa huwa nyepesi zaidi, na ndege hujiona kama ipo futi zaidi ya 8,000. Nikaihurumia. Mimi pia ngazi za Nairobi hunitoa pumzi, na siku zote nilikuwa nikizilaumu ngazi.

Ndiyo maana wanafunzi hurushwa asubuhi, na hapo ndipo nilipokutana na tatizo la saa. Mswahili akiambiwa saa tatu asubuhi anajua ni saa ya tatu tangu kupambazuka. Mzungu huiita saa tisa. Marubani nao wana saa yao ya Greenwich, waiitayo Zulu, ambayo kwetu iko nyuma kwa saa tatu, na kwa saa hiyo ni sita kamili. Yaani tatu, sita na tisa zote ni wakati mmoja, na watu wazima wamekubaliana kuishi hivyo. Ratiba ukutani ilisema 0600. Nikaswali alfajiri, nikashika matatu ya kwanza, nikafika getini kabla jiji halijaamka, baridi ya Julai ikinitafuna masikio. Mlinzi akaniuliza kama nimekuja kufagia ofisi. Nilipomwambia nimekuja kurusha ndege, akaniletea kiti na chai ya moto, akanitazama nikinywa kama anayemngojea mgonjwa apate nafuu. Mwalimu alifika kunako saa mbili na nusu, kwa saa yangu, akanikuta nimelala. Hata hivyo hatukuruka. Mwezi huo mawingu ya Nairobi hushuka chini sana asubuhi, na mwanafunzi haruhusiwi kuingia mawinguni. Tulikaa kwenye benchi tukiyangoja yapande. Ukitaka kumjua mwanafunzi wa urubani, usimtafute angani, mtafute kwenye benchi.

Siku mawingu yaliporidhia, kazi ikaanza kwa kuizunguka ndege na karatasi ya ukaguzi mkononi. Unatikisa hiki, unachungulia kile, unahakikisha hakuna mdudu aliyejenga kwenye kile kibomba cha kupimia mwendo. Unachota mafuta kidogo kutoka kila tangi kwenye kikombe cha plastiki, uone kama ni ya buluu, rangi yake halali, na kama maji hayajatuama chini. Nikakiinua kikombe kwenye mwanga, nikarudi nyuma ili nione vizuri, na bawa likanipiga kisogoni. Mabawa ya Cessna hii yapo juu, kwa kimo kilichopangwa na mtu asiyenipenda. Mafuta yakamwagikia buibui. Jioni kwenye matatu, kondakta alisimamisha gari Lang'ata Road na kuuliza abiria gani amebeba petroli. Nikatazama nje ya dirisha pamoja na wengine.

Lakini aibu ya nafsi yangu ilikuwa ardhini, kabla ya kuruka. Nimeendesha gari Nairobi miaka mingi, nimezunguka makutano ambayo hata polisi huyaogopa. Nikaketi, injini ikanguruma, mwalimu akaniambia nifuate mstari wa manjano. Nikashika usukani kwa mikono miwili, nikaukata kulia. Ndege ikaenda kushoto, polepole, kwa utulivu, kuelekea kwenye nyasi. Nikaukata zaidi. Nyasi zikazidi kukaribia.

"Mama, miguu!"

Usukani wa ndege ikiwa chini haugeuzi kitu cha maana. Ndege huongozwa kwa miguu, na breki zipo kwenye ncha za pedali hizohizo, ili ukikosea, ukosee mara mbili. Mwalimu aliniamuru niweke mikono mapajani. Hebu fikiria: mama mzima, kwenye chombo kinachonguruma, mikono imetulia kama ya bibi harusi, miguu ikipiga mbio chini. Jioni ile nilipokaa kwenye gari langu kutoka nyumbani kwenda sokoni, niligeuza kona ya kwanza kwa miguu. Ukuta wa jirani umeshatengenezwa.

Kijana yule, niseme haki yake, chini hunipa shikamoo kila siku. Tukishapaa, shikamoo hubaki bandani.

Redioni ndiko malezi yangu yaliposhindwa kabisa. Kanuni ni kwamba unataja unayemwita, wewe ni nani, uko wapi na unataka nini, basi, na kwa Kiingereza. Kwetu, mtu akikupigia simu na kutaja haja yake kabla hajauliza watoto wameamkaje, unajiuliza ni nani amekufa. Mara yangu ya kwanza nilimwambia mwongoza ndege wa mnarani habari za asubuhi. Akajibu, kwa upole. Nikaona si adabu kumwachia hapo, nikamuuliza na za nyumbani. Nyuma yetu ndege kadhaa zilikuwa zimepanga foleni, nyingine zina watalii wanaosubiriwa na simba huko Mara. Mwalimu alinisogezea mkono taratibu kutoka kwenye kitufe.

Kitufe hicho, kumbe, kilikuwa bado na deni langu. Siku moja, juu ya nyanda za kusini mwa jiji, nilikuwa nafundishwa ndege inavyokosa mwendo wa kuibeba. Unapunguza nguvu, unainua pua, unaendelea kuinua. Kifaa cha bawani kinaanza kulia kwa sauti ya mtu anayeminywa, ndege inatetemeka, kisha pua inaanguka mbele yako na dunia yote inajaa kwenye kioo. Niliukumbatia usukani. Nikasoma dua ya safari, nikairudia. Nikaomba radhi kwa mama. Nikamwahidi Mungu kwamba nikishuka salama nitawagawia majirani wote mahamri, na nitamlipa yule mwenye ukuta. Redio ile, ukishabonyeza, hewa yote ni yako: kila mtu anakusikia, nawe humsikii yeyote. Kidole gumba changu kilikuwa juu ya kitufe muda wote huo. Nilipolegeza mkono, palipita kimya kidogo, kisha sauti ambayo haikujitambulisha, kinyume kabisa cha kanuni, ikasema, "Amina." Ya pili ikauliza mahamri ni lini.

Kutua bado tunazungumza, mimi na ardhi. Mwalimu husema shikilia, shikilia, shikilia, nami hushikilia, ila ardhi huja ikiwa na mawazo yake. Tunagusa, tunaruka, tunagusa tena mbele kidogo. Nimemkumbusha kwamba Beryl Markham, aliyejifunzia urubani papa hapa Nairobi, alivuka Atlantiki peke yake Septemba 1936, mwanamke wa kwanza kuivuka peke yake kutoka Uingereza kuelekea magharibi, na akamaliza safari kinamasini huko Nova Scotia, pua ya ndege imezama kwenye matope. Marekani ilimpokea kwa shangwe. Mimi nimeishusha kwa magurudumu yake, ijapokuwa kwa awamu, na ninachopewa ni, "Mama, miguu." Nikamkumbusha pia kwamba uwanja wenyewe una jina la mwanamke, Florence Kerr Wilson, aliyeanzisha Wilson Airways mwaka 1929. Akanijibu kwamba Bi. Wilson aliajiri marubani.

Sasa habari zimefika Mombasa. Mama amenipigia mara moja tu kuniuliza, "Mwanangu, huko juu wafuata nini?" Wengine hawaulizi hilo. Wanauliza lini. Ami yangu anataka apitishiwe ndege juu ya nyumba ili jirani yake aione. Shangazi ana harusi Nairobi mwezi wa Disemba, ameshaamua nitamfuata mwenyewe, yeye na masanduku mawili na sufuria la pilau, kwa kuwa, asema, la Nairobi halifai.

Naomba nijibu hapa, mara moja, kwa wote. Leseni ya rubani binafsi inataka saa zisizopungua 40 angani, mitihani ya darasani, na mtihani wa kuruka mbele ya mtahini. Hata nikiipata, hainiruhusu kumtoza abiria nauli, kwa hiyo wanaotaka punguzo hawana cha kupunguziwa. Ndege ina viti viwili, na kimoja nimekikalia mimi. Katika kilo zile 170 ukitoa zangu 94, zinabaki 76, na Shangazi, kwa heshima zote, hajazionja kilo 76 tangu enzi za ujana wake, achilia mbali sufuria. Treni ya SGR inaondoka Mombasa kila siku. Inabeba masanduku, inabeba sufuria, na haimpandishi mtu kwenye mizani. Shangazi, kata tiketi.